Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Mbunge aliuliza "ni lini"

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

Nakala: Mheshimiwa Spika, pamoja na Makatibu Wakuu wote ambao mezani kwao yatapita maswali ya Bunge.

YAH: MAJIBU YASIYO NA TAREHE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Waziri, sentensi hiyo ya "husika na kichwa cha habari" nimeiandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nimeitumikia Serikali miaka 34. Nilianza kijana, masjala ya wazi, nasukuma toroli la majalada kwenye korido, nikamalizia kwenye dawati ambalo kazi yake mojawapo ilikuwa kuandaa rasimu za majibu ya maswali ya Bunge. Wizara siitaji. Sasa ni mstaafu, nakaa Tandika, na asubuhi nyingi niko upande wa pili wa dirisha na bahasha yangu ya kaki, kama wananchi wengine. Kwa umri pengine ningekuita mwanangu, lakini cheo ni cheo. Shikamoo yangu nitaidai siku tukionana.

Kila mwaka Bunge la Bajeti likishaanza mwezi Aprili, husimama mbunge wa upinzani, mmoja katika hao wanaohesabika kwa vidole, akauliza swali linaloanza hivi: "Je, ni lini Serikali..." Ni lini itajaza nafasi za wauguzi. Ni lini italipa malimbikizo ya walimu. Ni lini hayo maboresho ya utumishi tunayosomewa kwenye hotuba yatamfikia mama anayehangaikia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Naibu Waziri huinuka, akamshukuru Spika, akasema anajibu "kama ifuatavyo". Kinachofuata ni kwamba Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na itaendelea kulishughulikia kadri ya upatikanaji wa fedha.

Mheshimiwa, aliulizwa lini.

Jibu hilo silishangai, kwa kuwa ndugu zake wengi nimewazaa mimi. Ngoja nikueleze linavyopikwa, maana huenda wewe unaletewa likiwa limeshapakuliwa. Swali linatoka Ofisi ya Bunge, linafika wizarani, sisi tunapewa siku chache. Afisa anapiga simu halmashauri: ikama inasema watumishi wangapi, waliopo ni wangapi, waliostaafu, waliohama. Upande ule anapokea afisa utumishi wa wilaya, kwa kawaida mtu anayeijua hali yake vizuri kuliko sisi sote, anakupa hesabu, na anakupa na tarehe. "Kibali tumeshaomba. Kikitoka bajeti hii, watu wanaripoti Septemba." Unaandika Septemba. Rasimu inapanda ngazi. Baada ya siku mbili inarudi, Septemba imekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa: "Hii itatufunga."

Siku moja nikajitia ujasiri nikaenda kumwuliza mkubwa wangu, marehemu sasa, mtu muungwana sana. Hakukasirika. Alivua miwani akasema, "Bwana mdogo, ahadi ni deni. Waziri hapelekwi Bungeni na deni mfukoni." Tangu siku ile nikawa nakata Septemba mwenyewe kabla rasimu haijapanda. Niliokoa wino mwekundu mwingi wa Serikali.

Na nikiri jingine. Swali la mbunge wa chama tawala tulilijibu kwa nusu ukurasa na chai pembeni. Likija la upinzani tuliitwa kikao. Tulikaa kubuni atauliza nini kwenye maswali yake mawili ya nyongeza, tukamwandalia Waziri karatasi ya majibu ya ziada, wakati mwingine ndefu kuliko jibu la msingi. Tulitumia akili zaidi kubahatisha atakachouliza kuliko kutafuta alichouliza.

Sasa nikupeleke dirishani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipandishwa daraja. Barua nilipewa, mshahara haukubadilika mpaka nastaafu. Kwa Serikali hiyo ni fedha ya kununulia maji ya kikao. Kwangu ni tofauti inayoingia kwenye hesabu ya pensheni mpaka siku ya kuzikwa kwangu. Basi nafuatilia. Ofisi ilihamia Dodoma pamoja na nyingine baada ya tangazo lile la 2016, huku Dar es Salaam wakaacha chumba kimoja na dirisha. Ofisi hiyo nayo siitaji, maana najua watakaoadhibiwa si waliosababisha.

Dirishani kuna binti, rika la kitinda mimba wangu. Feni yake ya mezani kaifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha isianguke. Anaitikia salamu vizuri, na safari yangu ya tatu alinikumbuka kabla sijatoa karatasi. Siku hiyo alinigeuzia kioo cha kompyuta nijionee: jina langu, cheki namba yangu, na pembeni neno moja: Inashughulikiwa. Nikamwuliza, inashughulikiwa na nani? Akasema mfumo hauonyeshi. Tangu lini? Mfumo hauonyeshi. Akatoa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, akampigia mwenzake Dodoma. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akanitazama kwa aibu ambayo haikuwa yake, akasema, "Baba, jaribu wiki ijayo." Meza ya jirani yake ilikuwa tupu, aliyekuwa akikaa pale kahamishwa, na kazi zake kaachiwa yeye. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na vyeti vya marehemu mumewe amevifunga kwenye kitambaa cha kichwa, anavishika kama mtu anayeshika yai.

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa nje, chini ya mwarobaini, ndipo likanijia: dirishani hakuna swali la nyongeza. Mbunge akijibiwa juu juu anasimama tena, kanuni zinamruhusu. Mimi ninalo moja tu, na wa nyuma yangu ameshaingiza mkono kwenye tundu la dirisha.

Enzi za masjala, jalada likitoka liliandikwa limekwenda kwa nani, na tarehe ya kulirudisha mezani. Siku ikifika karani alilifuata hadi kwenye droo ya mkurugenzi. Siombi turudi kwenye toroli. Majalada yalipotea, mengine yalipotezwa kwa chai, na baadhi ya walioinywa chai hiyo tunasalimiana nao msikitini. Lakini hata jalada lililopotea lilikuwa na mtu wa mwisho aliyelitia saini, ungeweza kwenda kugonga mlango wake. "Inashughulikiwa" haina mlango.

Upande ambao Serikali inanidai mimi, mambo ni mengine kabisa. Kodi ya ardhi, faini ya barabarani, bili ya maji: inaingia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba. Ina jina langu, ina kiasi, ina siku ya mwisho. Nalipia kijiweni kwa simu, na ujumbe wa kupokelewa unaingia kabla kahawa haijapoa. Ni mfumo mzuri, nausifu bila kinyongo. Waliokumbuka foleni za kulipia benki kwa karatasi wananielewa. Nauliza tu, kwa nini namba hiyo inakwenda upande mmoja? Serikali ikinidai, inayo namba. Nikiidai mimi, nina bahasha ya kaki.

Tupeni na sisi namba. Ombi likipokelewa dirishani, liwe la mirathi, la cheti, la malimbikizo, la uhamisho wa mwalimu anayemfuata mumewe, litoke na namba yenye cheo cha anayelishika na siku ya mwisho ya kulijibu. Siku hiyo ikipita, lisifutike wala lisibaki palepale. Lihamie mezani kwa mkubwa wake, na lihesabiwe. Kisha hesabu hiyo isomwe Bungeni pamoja na bajeti ya wizara: mliahidi mangapi kwa siku, yametimia mangapi, yamelala mangapi na kwa nani. Najua upo e-Mrejesho wa kupokea malalamiko, na ni jambo jema. Lakini kulalamika ni baada ya kuumia. Mimi nazungumzia deni linaloandikwa siku ya kwanza, mbele ya macho ya mdai.

Nitaambiwa maboresho yanaendelea. Mheshimiwa, maboresho nimeyapokea mengi. Miaka ya 90 yalikuja kwa sura ya kupunguza wafanyakazi. Mtu alifika asubuhi na kikapu chake cha chakula, mchana akatoka na barua. Mwaka 1997 ikatungwa Sheria ya Wakala za Serikali, 2000 ikaanza Programu ya Maboresho ya Utumishi wa Umma, 2002 Sheria ya Utumishi wa Umma, 2004 OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi. Hiyo OPRAS niisemee kidogo. Fomu ile ilitakiwa mimi na mkubwa wangu tukubaliane malengo Julai, tupimane katikati ya mwaka, tufunge hesabu Juni. Wengi wetu tuliijaza yote Juni, usiku mmoja, malengo na mafanikio kwa kalamu moja, kwa sababu bila fomu hupandi daraja. Sikuwahi kukutana na mtumishi aliyejipa alama mbaya. Sasa mahali pake ipo PEPMIS, kazi inajazwa kwenye kompyuta. Nawaombea heri, ila anayejaza ni binadamu yuleyule, na anayesubiri dirishani bado hana pa kuandika alama zake.

Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri wa wakati huo, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais Magufuli orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Siwatetei. Mimi mwenyewe nilikitoa cheti changu cha kidato cha nne sandukuni, pembe moja imeliwa na mende, nikakipeleka kikahakikiwe. Lakini tazama mwendo wa jambo lenyewe: kuondoka kwao kulikuwa na siku, kila mtu aliijua. Kujaza nafasi zao kukaingia kwenye vibali, na kibali hakina kalenda. Huo ndio uwanja halisi wa mbunge anayeuliza kuhusu utumishi wa umma, na ndipo tulipomkatia Septemba yake.

Wala msiniambie Serikali haiwezi kutaja tarehe. Mei Mosi 2025 kule Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, akataja na mwezi: Julai. Asilimia, kiasi, mwezi, vyote katika sentensi moja. Na Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao wa maji, ilitoka ratiba ya mitaa na siku. Pale kwetu muuza duka aliibandika kwenye mlango wa chuma, watoto wakaikariri kuliko jedwali la kuzidisha. Shida ilikuwepo, ndoo zilipanda bei, lakini mama ntilie wa mtaani kwetu alijua siku ya kujaza mapipa na siku ya kupika wali badala ya maharage yanayokunywa maji mengi. Hakuna aliyehitaji mbunge wa kumwulizia.

Wiki ya Utumishi wa Umma nayo, 16 hadi 23 Juni, huwa mnatuonyesha mnachoweza. Mabanda yanasimamishwa, wakuu wa idara wanakaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza kero, na jambo la miezi minane linaisha kabla ya adhuhuri. Jirani yangu husubiri wiki hiyo kama watu wanavyosubiri mfungo sita. Mheshimiwa, kama inawezekana tarehe 18 Juni, tarehe 18 Oktoba kuna nini?

Najua kinachowaudhi kwa mbunge wa upinzani. Anaongea Bungeni kana kwamba yuko jukwaani, anawinda kipande cha video cha kurusha kwenye simu. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaouliza swali lilelile la mwaka jana bila kusoma walivyojibiwa, na hao hawakusumbua usingizi wetu hata kidogo. Lakini Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba haikuandika kwamba swali liulizwe kwa adabu ya kumfurahisha anayejibu. Imesema Bunge laweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Tangu Uchaguzi wa 2020 hatuna hata Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni. Zile hotuba zao mbadala za bajeti, nikwambie siri ya ofisi, tulizisoma kwa makini kuliko za mawaziri wetu. Mara nyingine tulikuta humo takwimu ambazo sisi wenyewe tulikuwa tumezikata.

Swali likinyimwa jibu Dodoma linatafuta pa kwenda. Tarehe 15 Septemba 2007 lilikuja Temeke. Nilikuwa Mwembeyanga siku hiyo, kwenye mkutano wa hadhara wa upinzani, nimesimama nyuma ya kibanda cha mkaa kwa sababu mtumishi wa umma hatakiwi kuonekana maeneo kama yale, namsikiliza Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu, akisoma orodha yake ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Habari za Benki Kuu alikwishazigusia Bungeni bila kupata jibu la maana. Januari 2008 ukaguzi wa akaunti ya EPA, ile ya madeni ya nje pale Benki Kuu, ukaonyesha shilingi bilioni 133 zimelipwa isivyo halali, Gavana akaondolewa. Ofisini kwetu wiki ile hakuna aliyetaniana. Tulikuwa tumezoea kudhani jibu likishasomwa na kuingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, jambo limekwisha.

Kingine kidogo. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao vya Bunge mubashara kama ilivyozoeleka, tuliambiwa ni gharama. Gharama ipo, sikatai. Lakini yule mama mwenye vyeti ndani ya kitambaa ndiye alikuwa mhusika mkuu wa swali la utumishi, na angesikia kwamba mtu wa mbali, wa chama asichokijua, anauliza jambo lake hasa, angalau angejua kwamba tatizo si bahati yake mbaya.

Sensa ya 2012 ilituhesabu mkoa huu wa Dar es Salaam watu 4,364,541. Ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na pale ninapokwenda dirisha ni lilelile, binti ni yuleyule, meza ya jirani ni tupu. Hilo halihitaji mtaalamu mwelekezi wala semina Bagamoyo.

Basi ombi langu. Bunge lijalo, mbunge wa upinzani akisimama na "ni lini" yake, mrudishieni Septemba. Mkishindwa Septemba, semeni Machi. Mkishindwa kabisa, semeni hamjui, na mtaje cheo cha mtu aliyepewa kazi ya kujua. Akirudi mwakani kuwadai, mwacheni awadai. Sisi wa dirishani tunamtuma bila kumlipa. Na wale vijana wanaoandaa majibu, waambieni wewe mwenyewe, kwa waraka wenye saini yako, kwamba atakayeandika tarehe hataandikiwa "itatufunga".

Mimi nina swali langu moja, naliuliza hapahapa kwa kuwa dirishani muda hautoshi. Katika ofisi za wizara na wakala za Serikali zilizobakiza madirisha Dar es Salaam, ikama inataka watumishi wangapi wa kuhudumia wananchi, waliopo ni wangapi, na pengo litazibwa lini?

Zamani barua kama hii ningeifunga kwa "nategemea majibu yako mapema iwezekanavyo". Nimewaandikia watu wengi hivyo, na niliwajua wasiojibiwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kumjibu mwombaji. Nimeziandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la mchele, kwa kalamu nyekundu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu, aliyekuwa karani wa masjala,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.